Aliyepotea Hutafutwa

Tunda la mwegea ni zito kuliko macho yanavyolipima. Kwetu Rorya, mkoani Mara, tunaliita yago. Mwaka 1963, nikiwa na umri wa miaka 8, nilimwona baba akiingia bomani amelipakata moja kwa mikono miwili kama mtu aliyebeba mtoto aliyelala. Akalipeleka moja kwa moja nyumbani kwa bibi. Likalazwa, likafunikwa shuka nyeupe, na kilio kikaanza. Kesho yake lilizikwa katika kaburi lenye urefu wa mtu mzima. Sisi watoto tukaambiwa: huyo ni Baba Mkubwa, kaka yake baba yenu, aliyekwenda vitani na keya, jeshi la Mwingereza la Waafrika wa Afrika Mashariki, akafia majini.

Kwa Wajaluo, mtu ambaye mwili wake haukupatikana huzikwa hivyo, hasa aliyekufa maji. Nilipokuwa shule ya bweni niliona haya kusimulia jambo hilo mbele ya wenzangu. Sasa nimevuka miaka 70, nimevaa kombati, nimezika askari wenzangu kwa koleo mkononi, na haya ile imenitoka yote. Nalisimulia popote.

Baba Mkubwa alikufa Februari 1944. Tulimzika 1963. Miaka 19 iliyo katikati ilikuwa ya bibi.

Karatasi ilikuja kwa njia ya chifu, karani akaisoma mbele ya wazee: amepotea baharini. Bibi alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza swali ambalo baba yangu alilirudia mpaka anakufa. "Aliyepotea hutafutwa. Aliyekufa huzikwa. Mwanangu yuko wapi kati ya hayo mawili?" Karani akaisoma tena karatasi yake. Hakuwa na neno lingine, maana halikuwamo.

Na bibi alikuwa na sababu. Mwanawe alikuwa mtoto wa ziwa. Alijua maji kabla hajang'oa meno ya utoto, alikuwa akizamia nyavu za wavuvi zilizonasa kwenye mawe na kuibuka nazo. Mtu wa namna hiyo, bibi alisema, maji hayamwezi. Labda ameibukia kisiwani kwa watu asiojua lugha yao, na siku moja atapata njia. Kwa hiyo hapakuwa na matanga. Kila jioni aliacha tonge la ugali chini ya bakuli, na asubuhi alilitoa mwenyewe bila kumruhusu mtu aliguse. Mama Mkubwa, mke wa marehemu, alikaa katikati ya mlango: si mjane, si mke. Alikuwa amebaki na mimba mumewe alipoondoka, na akajifungua binti. Binti huyo ni dada yangu mkubwa, na ataonekana tena mwishoni mwa maneno haya.

Bibi alipoona nguvu zinamwishia aliwaita wanawe. Akawaambia nendeni kwenye ule mwegea wa njia ya Musoma. Walielewa bila kuuliza. Siku mwanawe alipomaliza likizo ya mwisho, bibi alimsindikiza hadi kwenye mti huo, akasimama hapo, akamtazama mpaka njia ilipomficha. Tunda tulilolizika lilitoka kwenye mti uleule.

Katika likizo hiyohiyo Baba Mkubwa alimweleza mdogo wake, yaani baba, kazi aliyofundishwa jeshini. Alichukua kijiti akachora mzinga mavumbini: mtutu, magurudumu, ile miguu miwili ya nyuma inayochimbiwa ardhini ili mzinga usirudi nyuma ukifyatuliwa. Baba alinichorea mimi mchoro huo mara nyingi, na kila mara aliikosea miguu. Nilijua ameikosea siku niliyoona mzinga wa kweli, mwaka 1976, nikiwa kuruta wa JWTZ, Jeshi la Wananchi wa Tanzania. Walipouliza nani anataka kwenda mizinga nilikuwa wa kwanza kunyoosha mkono.

Habari ya meli niliipata kwa vipande. Kipande cha kwanza alinipa mzee mmoja wa keya pale Musoma, ambaye mwenyewe alifika Burma na kurudi. Vingine nimevipata vitabuni na kwa watu waliokwenda Nairobi, kwenye makaburi ya vita ya Ngong Road, ambako upo ukumbusho wa waliokufa na meli hiyo. Iliitwa Khedive Ismail. Iliondoka Kilindini, Mombasa, mwanzoni mwa Februari 1944, katika msafara wa meli 5 zilizobeba askari kwenda Colombo, kisiwani Ceylon, ambayo leo ni Sri Lanka. Huko Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilikuwa ikijiandaa kuingia Burma kupigana na Wajapani. Ndani ya Khedive Ismail walikuwamo watu 1,511. Kati yao 996 walikuwa wa Rejimenti ya 301 ya Mizinga ya Afrika Mashariki. Walikuwamo mabaharia, na walikuwamo wauguzi, wanawake waliotoka kwao mbali kabisa kuja kuuguza majeruhi.

Jumamosi tarehe 12, kama saa 8:30 mchana, kusini-magharibi mwa visiwa vya Maldives, nyambizi ya Kijapani iliyoitwa I-27 iliipiga meli hiyo kwa topido 2. Ilichukua kama dakika 2 kuzama. Waliookoka ni wanaume 208 na wanawake 6. Wengine 1,297 walibaki na bahari.

Dakika 2 nazijua. Katika dakika 2 wahudumu wa mzinga waliozoeana huweza kuugeuza, kuulenga na kufyatua zaidi ya mara moja. Mtu aliyejipumzisha sitaha ya chini baada ya chakula cha mchana, ngazi ni moja, na walioamka naye ni mamia, hapati hata muda wa kujua mlango uko upande gani. Wengi walizama humohumo.

Lakini si wote, na hapa ndipo nilipokwama miaka mingi. Baadhi walitoka. Walikuwa majini, wanaelea na mbao na maboya, wakingoja kuokolewa. Nyambizi ikajificha chini yao. Kati ya manowari zilizosindikiza msafara zilikuwapo Paladin na Petard. Kama nyambizi isingezamishwa, ilikuwa na uwezo wa kuzifuata zile meli 4 zilizobaki na maelfu ya watu waliokuwamo. Basi amri ikatoka, na mabomu ya kupasukia chini ya maji yakaangushwa palepale walipokuwa watu. Nyambizi ililazimika kuibuka, na mwishowe Petard ikaizamisha.

Sasa mfikirie mvulana wa ziwa. Aliyejua kuzamia nyavu. Kama kuna mtu katika rejimenti ile aliyekuwa na njia ya kutoka ndani ya meli inayozama akafika juu na kuvuta pumzi, ni yeye. Bibi alisema kweli: maji hayakumweza. Sijui kama alitoka. Ila tangu nilipoisikia habari ile, kila nikimwona kichwani namwona juu ya maji, anaogelea, ameshafika. Nilimchukia nahodha aliyetoa amri ile. Sikuwahi kuiona picha yake, na nilimchukia kama jirani aliyeniibia ng'ombe.

Halafu ikaja vita yetu.

Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya nduli Idi Amin wa Uganda yaliingia Kagera, yakaua, yakapora, na daraja la Kyaka likavunjwa. Tarehe 2 Novemba Mwalimu Nyerere akalihutubia taifa. Mtu wa rika langu hahitaji kukumbushwa maneno yale: uwezo wa kumpiga tunao, sababu ya kumpiga tunayo, na nia ya kumpiga tunayo. Ilipoanza Operesheni Chakaza, ya kumrudisha Amin alikotoka, nilikuwa koplo kwenye mzinga, na kwa miezi mingi nilichokiona sana ni matope. Mvua ya Kagera haina huruma na gurudumu.

Januari 1979, siku chache kabla hatujaichukua Mutukula, mpakani mwa Uganda, walitangulia watatu kwenda kuchungulia mbele. Mmoja alikuwa rafiki yangu kutoka Kondoa. Tulikuwa tunakula sahani moja, na nilikuwa nimevaa sweta yake usiku ule kwa sababu yangu ilikuwa imelowa. Kabla ya alfajiri wakarudi wawili. Wakasema walitawanyika waliposhambuliwa, wa tatu hawakumwona. Muda si muda redio ya upepo ikaita: adui anajikusanya palepale, na upande wa kushoto wenzetu wengi wako wazi, hawana hata kichuguu cha kujificha. Tupige. Mkubwa wetu aliuliza, "Watu wenu wamerudi wote?" Akajibiwa, "Bado mmoja, afande." Akanyamaza. Nilikuwa nimesimama karibu kiasi cha kumsikia anavyopumua. Kisha akatoa amri, na mikono yangu ikafanya kazi iliyofundishwa.

Tulimkuta siku ya tatu. Hakuna aliyeweza kusema ni kombora la nani, na mimi sikuuliza. Leo amelala Kaboya, Muleba, katika makaburi ya mashujaa, na wenzake.

Tangu usiku ule sijamchukia tena yule nahodha. Sisemi nimemsamehe, aliyekuwa majini si mimi, na msamaha huo si wangu kuutoa. Ninachojua ni kwamba mtu aweza kutoa amri iliyo sahihi ikamkaa kooni maisha yake yote. Mkubwa wetu hakuwahi kulizungumzia jambo lile. Lakini kila tulipohama kituo baada ya hapo, alihesabu watu mwenyewe, kwa kumgusa kila mmoja begani.

Nikiwa ng'ambo ya Mutukula kuna jambo lingine lililonichoma. Idi Amin alikuwa akijitangaza kwamba alipigana Burma katika Vita vya Pili vya Dunia. Si kweli. Aliingia keya mwaka 1946, vita imeshakwisha. Burma hakuwahi kupigana. Alijivika nishani kifua kizima mpaka shati likalemewa, ilhali nyumbani kwetu kuna mtu aliyekufa njiani kuelekea hukohuko, na hatukupata hata kifungo cha shati lake. Nilimpiga Amin kwa ajili ya Kagera kama Watanzania wote. Makombora mengine, nakiri, niliyapeleka kwa niaba ya Baba Mkubwa.

Vita vilipokwisha nilipewa likizo, nikapanda basi hadi Kondoa. Hakuna aliyenituma. Nilikuwa nimesikia kwamba mama wa rafiki yangu anaambiwa na watu mambo ya kila aina: mwanao yuko Uganda, ameoa huko, ataandika. Waliosema hivyo hawakuwa wabaya. Walishindwa tu kulitamka lile neno. Mimi nililelewa katika nyumba ambayo tonge lilifunikwa bakuli kila jioni, na nilijua neno lisilotamkwa linavyomla mtu.

Nilipiga hodi, nikaamkia, nikakaribishwa kwenye mkeka. Kabla ya maji ya kunywa hayajafika nikasema, "Mama, amekufa. Nimemwona kwa macho yangu. Nimeshiriki kumzika."

Hakupiga kelele. Aliuliza kitu kimoja: "Mlimlaza kwa ubavu gani?" Nikasema kwa ubavu wa kulia, uso kibla, na askari mwenzetu Mwislamu ndiye aliyetuongoza. Akanishika mkono wa kulia, akaugeuzageuza kama mtu anayetafuta mwiba, akauweka kwenye shavu lake. Huo ndio mkono uliomtia mwanawe kaburini, na huenda ndio uliomwua. La pili sikumwambia. Nimejiuliza miaka yote hii kama ningepaswa, na bado naona nilifanya sawa. Mama alihitaji kujua yuko wapi. Mzigo uliobaki ulikuwa wa kubebwa na askari.

Kila tarehe 25 Julai, Siku ya Mashujaa, nikiwa na nauli huenda kuhudhuria. Ikiwekwa mikuki na ngao, upinde na mshale, na tarumbeta ikalia, huwa nawataja kimyakimya niliowajua. Wa mwisho ni Baba Mkubwa. Mkongwe mwenzangu mmoja aliwahi kunikatalia. Alisema, "Yule alikufa kwa vita vya mfalme wa Uingereza, si vyetu." Ni kweli, na sitaki kuipaka rangi. Vijana wale walilipwa kidogo kuliko mzungu wa cheo kilekile, wengine walichukuliwa bila kuulizwa, na nchi waliyokuwa wakiifia haikuwa na bendera yao. Lakini nilimkumbusha mwenzangu Jenerali David Musuguri, aliyeongoza Divisheni yetu ya 20 kuingia Uganda, na baadaye akawa Mkuu wa Majeshi. Aliingia keya mwaka 1942 na kupelekwa Madagascar. Alipofariki Oktoba 2024, akiwa na miaka 104, taifa zima lilimwinamia, na ilistahili. Yeye na Baba Mkubwa walivaa bukta ya aina moja, walishika bunduki ya mfalme yuleyule. Mmoja meli yake ilifika. Tukimheshimu aliyefika, wa meli isiyofika tumweke wapi?

Mwaka 2014 ilitimia miaka 70. Nikamwambia dada, binti wa marehemu, kwamba naenda Mombasa. Yeye miguu ilikuwa imeshamkataa. Akauliza naenda kufanya nini, na kaburi liko hapa. Nikasema bibi alimsindikiza hadi kwenye mwegea, hapo njia ikamshinda. Kuanzia pale kwenye mti mpaka baharini hakusindikizwa na mtu. Nataka kuimalizia njia ile.

Tarehe 12 Februari, siku ya Jumatano, nilifika Mama Ngina, pale wenyeji wanapopaita Laitihausi. Ni mahali pazuri pa kuagania. Mlango wa Kilindini uko mbele yako kabisa, na kila meli inayotoka bandarini hupita hapo, karibu kiasi cha kuwaona watu waliosimama ukingoni mwake. Msafara wa 1944 ulipita hapohapo. Nilivaa suti yangu moja, na nishani ya Kagera, na kofia. Nikakaa chini ya mbuyu kuanzia asubuhi.

Muuza mihogo mmoja, mama wa makamo, alinitazama muda mrefu. Baadaye akaja na kipande kilichokolea ndimu na pilipili, akanikabidhi kwenye karatasi.

"Shikamoo, mzee wangu. Tangu asubuhi wamngoja nani?"

"Marahaba, mwanangu. Simngoji mtu. Namsindikiza baba yangu mkubwa."

"Yuko wapi?"

Nikamwonyesha baharini. Nilimweleza kwa ufupi, kama nilivyoeleza hapa. Alijifunga kanga upya, akasema, "Innalillahi." Kisha akaenda kumnyamazisha kijana aliyekuwa anapiga muziki kwenye pikipiki.

Saa 8 na kitu ilitoka meli ya makontena, kubwa, ya rangi ya chungwa. Si meli ya askari, lakini ndiyo iliyokuwapo. Ilipofika mbele yangu nilisimama, nikapiga saluti. Bega langu la kulia liliumia vitani Lukaya, Uganda, na huwa haliniruhusu kuushikilia mkono juu. Siku ile liliniruhusu. Nilimtaja Baba Mkubwa kwa jina lake lote, la nyumbani na la ubatizo, jina ambalo siliandiki hapa kwa kuwa dada ameomba libaki nyumbani. Nikamwambia: umezikwa. Mama yako ndiye aliyechagua mti. Binti yako yu hai, ana wajukuu. Mzinga ulioanza kumchorea mdogo wako nimeumalizia mimi, na miguu ya nyuma nimeiweka sawasawa.

Meli ikapita mwamba, ikageukia kwenye maji makuu. Ndipo nikashusha mkono.

Nikampigia dada simu.

"Umefika?"

"Nimefika, dada. Nimemsindikiza hadi nchi ilipoishia."

Alikaa kimya. Kisha akauliza, "Maji yale yana rangi gani?"

Alikuwa na miaka 70, na hakuwahi kuiona bahari. Nikamwambia karibu na mawe ni ya kijani kama jani changa la mgomba. Mbele kidogo ni bluu. Kule meli inakoelekea ni bluu nzito iliyokaribia kuwa nyeusi, na hakuna kisiwa.

"Hakuna kisiwa?"

"Kutoka hapa, dada, hakuna."

"Haya," akasema. "Usikate. Isogeze simu nisikie."

Nikashuka kwenye mawe polepole, nimeshikwa mkono na yule mama wa mihogo, nikainama mpaka povu likanigusa viatu, nikaielekeza simu kwenye maji, nikaishikilia hapo mpaka salio likaisha.